Mama, Unachokijua Kiandike

Mama msomaji, je, umewahi kumfundisha mwenzio jambo kwa moyo wako wote, mwaka baada ya mwaka, halafu siku moja ukagundua kwamba ulimfundisha nusu tu ya ukweli? Mimi limenipata. Tena aliyenifumbua macho si daktari wala mkufunzi wangu wa zamani wa chuo cha uuguzi. Ni mtu nisiyemjua kwa jina wala kwa sura, ambaye aliniuliza swali moja fupi: "Chanzo chake ni kipi?"

Naomba nikusimulie tangu mwanzo, kwa maana habari hii inahusu maji tunayowapa watoto wetu, na inahusu pia kazi moja ya kujitolea ambayo akina mama wengi hatujaifikiria kuwa inatuhusu.

Jioni ile ya Jumamosi

Ilikuwa siku ya soko la Tengeru. Nilirudi nyumbani Kikwe jioni nikiwa nimechoka, kikapu mkononi, vumbi hadi magotini. Binti yangu wa kwanza alikuwa likizo kutoka chuoni. Nilimkuta ameketi nje ya jiko, anachambua maharage kwenye ungo, na simu yake ameiweka kandoni kwenye kigoda.

"Mama, hebu njoo uone," akaniita. "Hata Kikwe tumo humu!"

Nikavaa miwani. Kwenye simu kulikuwa na ukurasa wenye jina la kata yetu. Ulisema kwamba Kikwe ni kata katika Mkoa wa Arusha, Tanzania, ukaendelea kwa maneno machache, basi. Chini yake paliandikwa kuwa makala ile bado ni mbegu, na kwamba ajuaye zaidi anaweza kuiongezea habari.

"Ndiyo hiyo tu?" nikamwuliza. "Watu wote hawa, mashamba yote haya, ndiyo mistari hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mama. Walioandika hawaishi hapa. Labda wanakungoja wewe."

Nilicheka, nikaingia ndani kubandika chai. Lakini neno lile "mbegu" lilinifuata hadi jikoni. Mkulima akiona mbegu imelala juu ya udongo, hawezi kuipita hivi hivi.

Kamusi elezo ni nini?

Wengi wetu tulisoma shule ambazo zilikuwa na vitabu vikubwa vya maarifa, vimefungwa kabatini, na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu. Vitabu vile vilieleza kila kitu chini ya jua: nchi, wanyama, magonjwa, watu maarufu. Kwa Kiswahili kitabu cha namna hiyo huitwa kamusi elezo. Vyetu vilikuwa vya Kiingereza, na mara nyingi vilijua mengi kuhusu Uingereza kuliko kuhusu mlima tunaouona kila asubuhi.

Wikipedia ni kamusi elezo iliyo kwenye intaneti. Ilianzishwa nchini Marekani tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Neno "wiki" limetoka katika lugha ya wenyeji wa visiwa vya Hawaii, na maana yake ni haraka. Jambo la ajabu kwake ni kwamba haina waandishi wa mshahara. Kila makala imeandikwa na watu wanaojitolea, na yeyote anayesoma anaruhusiwa pia kusahihisha au kuongeza. Huhitaji kulipa ili uisome, na hutalipwa ukiiandika. Shirika linaloitunza, Wikimedia Foundation, haliendeshwi kwa faida, na hutegemea hasa michango ya watu.

Leo zipo Wikipedia katika lugha zaidi ya 300. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Miongoni mwa waliotia bidii mapema ili lugha yetu isiachwe nyuma yumo Mtanzania mwenzetu, mwandishi Ndesanjo Macha. Baadaye, kati ya mwaka 2009 na 2010, kampuni ya Google iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vya Tanzania na Kenya, nao wakaandika mamia ya makala mpya. Siku hizi makala za Kiswahili zimepita 80,000. Ni hatua kubwa, ingawa Kiingereza kina zaidi ya milioni 6. Maana yake ni kwamba mama anayejua Kiingereza akitafuta habari za ugonjwa wa mwanawe atapata kurasa nzima nzima, na mama anayejua Kiswahili peke yake huenda akapata mistari mitatu, au asipate kitu.

Sisi wauguzi tunalijua pengo hilo. Tunaliona kila siku ya kliniki.

Hatua zangu za kwanza

Nilianza kwa woga. Binti yangu alinisaidia kujiandikisha, nikachagua jina la kutumia na neno la siri. Kisha akanionyesha neno "Hariri" lililo juu ya kila makala. Ukilibonyeza, maandishi yanafunguka, unaweza kuyagusa kama unavyogusa barua yako mwenyewe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusahihisha neno moja lililokosewa herufi. Niliposukuma kitufe cha kuhifadhi, moyo ulinidunda kama siku ya kwanza ya kuchoma sindano!

Siku chache baadaye nilipata ujasiri kupita kiasi. Nikaandika makala nzima kuhusu kikundi chetu cha akina mama: jinsi tulivyoanza, sare zetu, na jinsi tunavyoimba vizuri. Kufika kesho yake imefutwa. Nilielezwa kwa upole kwamba kamusi elezo si mahali pa kujitangaza. Mtu haandiki habari zake, wala za kwaya yake, wala za duka la mumewe. Mambo yanayoingia ni yale ambayo tayari yameandikwa na watu wengine wasio na maslahi nayo, katika vitabu, magazeti au taarifa za kuaminika.

Baba watoto alipopata habari hiyo alicheka sana. "Mama watoto," akasema, "wanakulipa shilingi ngapi kwa kufutwa?"

Nikamjibu, "Kiasi kile kile ninacholipwa kwa kufagia kanisa." Hakuuliza tena.

Hapo nikaamua kuandika kitu ninachokijua kwa kazi yangu. Na hakuna jambo la afya linalotugusa watu wa chini ya Mlima Meru kuliko meno.

Meno ya watoto wa Meru

Msomaji wa mbali huenda asielewe. Mlima Meru ni volkano, na mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Miamba yake na majivu yake ya kale yana madini mengi ya floraidi. Maji ya mvua yakipenya katika miamba hiyo, hubeba floraidi na kuipeleka kwenye chemchemi, mito na visima. Floraidi kidogo ni nzuri kwa meno, ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya mswaki. Ikizidi inaharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasiwe na zaidi ya miligramu 1.5 katika lita moja. Katika sehemu kadhaa za Arumeru, maji yana kiasi kinachopita hapo, tena mara nyingi.

Mtoto anayekunywa maji hayo tangu utotoni hadi miaka 8 hivi, wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa meupe, ya njano au ya kahawia. Wengine meno humeguka. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia: viungo hukakamaa, mgongo huuma, na wapo watoto ambao miguu hupinda.

Binti yangu wa kwanza ana meno hayo. Tulipooana, baba yake na mimi tulipanga Maji ya Chai, na hapo alikua hadi alipofikisha miaka 7. Mto wa pale ulipewa jina hilo kwa rangi ya maji yake. Tangu darasa la nne mtoto huyu hacheki bila kufunika mdomo kwa mkono. Picha zake zote za shule amefunga midomo. Wadogo zake, waliozaliwa baada ya sisi kuhama na kutumia maji mengine, meno yao ni meupe.

Basi nikaandika. Niliandika kuhusu floraidi na meno, kwa lugha nyepesi ya kliniki, nikaona fahari. Nikamalizia na ushauri ambao nimewapa akina mama kwa miaka zaidi ya 20: kwamba mzazi anaweza kumkinga mtoto kwa kuchemsha maji ya kunywa.

"Chanzo chake ni kipi?"

Baada ya siku mbili nilifungua ukurasa ule nikakuta sentensi yangu ya mwisho imeondolewa. Kila makala ina ukurasa wa majadiliano, na huko mmoja wa wanaojitolea alikuwa ameniandikia. Alinishukuru kwa kazi nzuri, kisha akauliza: habari hii ya kuchemsha maji ili kuondoa floraidi, chanzo chake ni kipi?

Nakiri nilikasirika. Nilisema moyoni: huyu ni nani? Mimi ni muuguzi mwenye diploma. Nimewazalisha wanawake usiku kwa taa ya chemli, nimepima watoto wasiohesabika, na mtu asiyejua hata njia ya kufika Kikwe ananiuliza chanzo! Nikaazimia kumtafutia kitabu cha kumfunga mdomo.

Nilitafuta katika madaftari yangu ya chuo. Nikakuta mengi kuhusu kuchemsha maji ili kuua vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Kuhusu floraidi, hakuna. Nikauliza wauguzi wenzangu wawili. Walisema kama nilivyosema mimi, lakini hawakujua walikoyatoa. Mwisho nikamwendea mtaalamu mmoja wa maji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Dada, ukichemsha maji ya chumvi, chumvi inakwenda wapi?"

Nikanyamaza.

"Inabaki," akajibu mwenyewe. "Tena maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inakolea. Floraidi ni vivyo hivyo. Si kijidudu hata ife kwa moto."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata kupanda bodaboda. Nilikuwa nakumbuka jiko langu la Maji ya Chai. Nilikuwa mama kijana, muuguzi mpya, nataka mtoto wangu asipate hata kijidudu kimoja. Kila tone nililichemsha, tena niliyaacha yachemke kwa muda mrefu ili niwe na hakika. Uji wake niliupika kwa maji hayo. Makande yake nililainisha kwa magadi, kama tulivyofundishwa na mama zetu, na magadi nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Nilifanya yote kwa upendo, na kwa madoa yale hayakumsaidia.

Kisha nikawakumbuka akina mama wengine. Wangapi walikaa kwenye benchi la kliniki na kuniuliza, "Nesi, meno haya nifanyeje?" Nami nikawajibu, "Chemsha maji, mama." Wakaondoka wameridhika.

Nisieleweke vibaya. Kuchemsha maji ni jambo jema na la lazima, maana kuhara kunaua. Sijutii kusema "chemsha". Ninachojutia ni kulifanya jibu la swali moja kuwa jibu la maswali yote.

Usiku ule nilimwita binti yangu tukakaa jikoni. Nikamweleza yote. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilidhani nakukinga."

Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mama, mimi nilidhani ni kwa sababu sikupiga mswaki vizuri. Shuleni walikuwa wananisugua kwa mchanga."

Miaka yote hiyo alibeba lawama isiyo yake, na mimi nililala naye nyumba moja nisijue. Tulilia wote wawili. Asubuhi nikaandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Umeuliza vema. Nilikosea. Nitarekebisha."

Ukweli ulio kamili

Mama, haya ndiyo ninayofundisha sasa kliniki. Tafadhali yasome kwa makini, hasa kama unaishi Arumeru au mahali pengine penye maji ya namna hii.

Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Dawa ya klorini nayo ni vivyo hivyo. Maji kupoa kwenye mtungi hakuondoi floraidi.

Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Kwa hiyo kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi 6 ya kwanza ni kinga ya meno yake pia. Mtoto anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima hana kinga hiyo.

Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Ukiweza kuyakinga kwenye tangi au pipa safi lenye mfuniko, yatunze kwa kunywa na kupikia chakula cha watoto wadogo. Hayo nayo yachemshe, kwa ajili ya vijidudu. Ya kufulia na kuoshea, tumia ya kisima.

Usitie magadi katika chakula cha mtoto mdogo. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, yataiva.

Mkaa wa mifupa huweza kunasa floraidi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa joto kali mahali pasipo na hewa nyingi, husagwa vipande vidogo, na maji hupitishwa humo. Hapa kwetu kuna kituo cha Ngurdoto ambacho kwa miaka mingi kimefanya utafiti wa njia hiyo. Usijichomee mwenyewe nyumbani, kwa maana ukichomwa vibaya maji hunuka na hayafai. Tena mkaa huo huchoka baada ya muda, ni lazima ubadilishwe. Pia pale Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, mwanasayansi wetu Askwar Hilonga alibuni chujio la maji ambalo mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Dawa ya mswaki kwa mtoto wa chini ya miaka 3 iwe kiasi cha punje ya mchele tu. Akiwa mkubwa kidogo, kiasi cha punje ya njegere. Mfundishe kutema, asimeze.

Na mwisho, madoa hayo si uchafu, wala si uvivu wa mtoto, wala si laana ya ukoo. Kuyasugua kwa mchanga au jivu hakuyaondoi, bali kunakwangua jino. Mtoto asichekwe, asipigwe.

Ilinichukua wiki tatu kuandika upya aya ile katika kamusi elezo, kila sentensi ikiwa na mahali ilipotoka. Ni aya fupi. Lakini najua kuwa imesimama.

Kazi hii ina miiko yake

Baada ya hapo nimeendelea. Huandika Jumanne usiku, vyombo vikishaoshwa, kwa saa moja hivi. Nimejifunza mambo kadhaa ambayo ningependa uyajue kabla hujaanza.

Kwanza, kila badiliko linatunzwa. Ukikosea, au mtu mwovu akiharibu, ukurasa hurudishwa ulivyokuwa. Wapo wahudumu waliokabidhiwa kazi ya kulinda, ndiyo maana huitwa wakabidhi. Basi usiogope kuvunja kitu.

Pili, usinakili kitabu cha mtu. Soma, elewa, kisha eleza kwa maneno yako mwenyewe na utaje ulikotoa. Kunakili ni kuchukua jasho la mwenzio.

Tatu, maoni yako yaache mlangoni. Kuna mambo watu wazuri hawakubaliani. Hapo kazi yako ni kueleza kila upande kwa haki, si kuhubiri wala kugombana.

Nne, na hili nawaambia hasa wenzangu wa afya, siri ya mgonjwa ni siri. Hata usipomtaja jina, kijiji ni kidogo.

Tano, simulizi tupu haitoshi. Hili liliniuma. Bibi yangu alikuwa akitusimulia jinsi Wameru walivyofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, na jinsi Kirilo Japhet alivyosafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea watu wake. Nilitaka kuandika kama bibi alivyosema. Nikaambiwa, tafuta kitabu. Na kweli kipo, kimeandikwa na Kirilo Japhet mwenyewe pamoja na mwanasheria Earle Seaton, kikachapishwa mwaka 1967. Lakini kuna mengi ya bibi ambayo hayamo kitabuni. Nani alipika njiani? Watoto walilala wapi? Hayo yasipoandikwa na mtu mahali pengine, kamusi elezo haiwezi kuyapokea, na bibi zetu wanaondoka nayo.

Na unaposoma nawe uwe na hekima. Kwa kuwa kila mtu anaweza kuandika, kosa linaweza kukaa humo kwa muda, kama kosa langu lingalivyokaa. Tazama kama sentensi ina chanzo. Na usiache kwenda hospitali kwa sababu umesoma kitu kwenye simu. Kamusi elezo inakusaidia kumwelewa daktari, haichukui nafasi yake.

Kwa nini mama?

Tafiti mbalimbali zimeonyesha kwamba katika Wikipedia wanawake wanaoandika ni wachache sana, hawafiki hata robo ya waandishi wote. Sishangai. Mwanamke akimaliza shamba, kuni, chakula na watoto, amebaki na nini? Wala sitaki kukuongezea mzigo. Lakini fikiri: ni nani anayejua namna ya kumwachisha mtoto ziwa, kuhifadhi mbegu za maharage, kutambua homa ya mtoto usiku wa manane? Wasiolea wakiandika peke yao kuhusu kulea, tutasoma nini?

Huhitaji kuwa msomi mkubwa. Mama aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili anaweza kusahihisha tahajia. Mama mkulima anaweza kuona kwamba picha ya ndizi imewekwa jina lisilo lake. Kama bando ni tatizo, iko programu iitwayo Kiwix inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti ikishapakuliwa mara moja. Shule au kikundi chenu kinaweza kuiweka kwenye kompyuta. Hapa nchini kipo pia kikundi kiitwacho Jenga Wikipedia ya Kiswahili, ambacho huwakusanya wanaopenda kazi hii.

Muhimu ni kukubali kuulizwa. Kwa miaka 20 hakuna aliyeniuliza "chanzo chake ni kipi", kwa sababu nilivaa sare nyeupe. Akina mama waliniheshimu, na heshima yao ikanifanya nisijikague. Siku hizi nawaambia kliniki, "Niulizeni. Mkiona nimebabaika, nitakwenda kutafuta, nitawaletea jibu." Mwanzoni waliona haya. Sasa wananiuliza hadi natoka jasho.

Wengine wa zamani nimewafuata. Nilipokutana nao sokoni au kwenye jumuiya niliwaambia wazi: yale niliyowaambia kuhusu meno hayakuwa kamili. Mmoja alinitazama, akasema, "Nesi, mjukuu wangu ana miezi 4. Umekuja kwa wakati."

Likizo iliyopita binti yangu alikuja tena. Aliketi mahali pale pale nje ya jiko, akafungua aya ile, akaisoma taratibu. Kisha nikamwona anaandika. Alikuwa ameongeza sentensi moja, pamoja na chanzo chake: kwamba madoa ya floraidi hayatokani na kutopiga mswaki.

Akanionyesha, akatabasamu. Mkono wake ulikuwa umeshika simu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Maji mnayotumia nyumbani yanatoka wapi? Je, kuna anayejua kama yamewahi kupimwa floraidi? Mnaweza kumwuliza nani?

2. Ni ushauri gani juu ya malezi au afya ambao unautoa kila siku, lakini hujui ulikoupata?

3. Ni jambo gani la kijiji chenu linalojulikana kwa wazee tu? Nani kati yenu atakwenda kuliuliza na kuliandika?